SOMO: PLASTIKI NYEUSI ZA GARI LILILOZEEKA, NA JINSI YA KUZIREJESHEA RANGI BILA KUUMIZA AFYA



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Ni zile plastiki nyeusi za nje ya gari ambazo baada ya miaka hugeuka kijivu, kisha zikawa nyeupe kama zilizopakwa majivu. Tunasema juu ya bampa la mbele na la nyuma, ukanda wa ubavuni mwa milango, upinde wa juu ya magurudumu, mikono ya milango, vifuniko vya vioo vya pembeni, na lile pande jeusi lililo chini ya kioo cha mbele panapolala waipa.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha. Wako wafanyakazi waliojiunga katika vyama vya kuweka na kukopa wakanunua gari kuukuu kwa pamoja, la kubebea watu na mizigo. Siku wanapotaka kuliuza, mnunuzi hulizunguka mara moja tu, akaonyesha bampa lililopauka kwa kidole, na hapo hapo akaanza kukata bei. Sababu ya pili ndiyo iliyotusukuma zaidi. Katika viwanda na mashamba makubwa kuna wenzetu ambao kazi yao ya kila siku ni kuosha na kung'arisha magari ya kampuni. Wengi wao huambiwa wayang'arishe kwa kitambaa kilicholowa petroli, dizeli au oili chafu, nao hufanya hivyo kwa mikono mitupu kwa miaka na miaka.

KWA NINI PLASTIKI HUPAUKA

Zamani bampa la gari lilikuwa la chuma kilichopakwa kromi. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari lake la Renault 5 likiwa na mabampa ya plastiki, na viwanda vingine vikafuata mmoja baada ya mwingine. Faida kwa mwenye kiwanda ilikuwa wazi. Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, humwagwa katika kalibu mara moja ikatoka imekamilika, na isipopakwa rangi hupunguza kazi na gharama. Ndiyo maana magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yana plastiki nyeusi au za kijivu zilizoachwa hivyo hivyo bila rangi.

Plastiki inayotumika zaidi kwa kazi hii huitwa polipropilini. Ilipatikana Italia mwaka 1954 katika utafiti wa Giulio Natta, ambaye mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Lakini ninyi wa mashamba ya miwa na chai hamhitaji kwenda Italia kuifahamu, maana mnaibeba mabegani kila siku. Magunia yale ya nyuzi za plastiki yanayofungiwa sukari na mbolea ni polipropilini hiyo hiyo. Kila mmoja wetu amewahi kuona gunia lililoachwa juani kwa miezi kadhaa: ukilishika linakatika vipande vipande na kuacha unga mkononi. Basi jambo linaloliua gunia ndilo linalolipausha bampa. Tofauti ni kwamba bampa ni nene, kwa hiyo hufa ngozi yake ya juu tu.

Plastiki imejengwa kwa minyororo mirefu sana isiyoonekana kwa macho. Katika mwanga wa jua mna miali mikali ambayo jicho haliioni, ile ile inayochoma ngozi ya binadamu. Miali hiyo, ikisaidiwa na hewa ya oksijeni, huikata minyororo vipande vifupi. Ngozi ya juu hukakamaa, ikapasuka nyufa ndogo ndogo mno, na kila ufa hutawanya mwanga. Kitu kinachotawanya mwanga kila upande jicho hukiona cheupe, kama vile kioo cheusi kilichokwaruzwa kwa msasa kinavyoonekana kijivu. Wenye viwanda huchanganya masizi laini ndani ya plastiki, masizi ya aina ile ile inayofanya matairi kuwa meusi, kwa sababu masizi huimeza miali hiyo kabla haijafika ndani. Huongeza pia dawa nyingine za kuizuia. Lakini dawa huisha, na masizi ya juu huondoka pamoja na ngozi iliyokufa.

Sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta hupata jua la utosini karibu mwaka mzima. Isitoshe, kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, miali hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo msistaajabu gari linalolala nje katika milima ya Kigezi au kando ya mashamba ya chai ya Fort Portal likipauka upesi kuliko lilivyopauka lilipokuwa Japani, ingawa hali ya hewa ya huko kwetu ni ya baridi. Baridi haizuii miali.

JARIBIO LA MAJI

Kabla ya kununua dawa yoyote, ni lazima kujua ugonjwa. Kuna ukijivu wa aina mbili, na mafundi wengi wa kando ya barabara huutibu wote kwa dawa moja.

Aina ya kwanza si ugonjwa wa plastiki hata kidogo. Ni mabaki ya nta iliyotumika kung'arishia bodi ya gari. Mtu anapaka nta mlangoni, kitambaa kinateleza hadi kwenye ukanda mweusi, nta inaingia katika vishimo vya plastiki na kukauka ikiwa nyeupe. Hii utaitambua kwa alama zake, kwa maana hukaa kwa michirizi na duara za mkono, karibu na mpaka wa rangi. Huondoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Pale inapokataa, kifutio cheupe cha penseli za watoto wa shule husaidia.

Aina ya pili ni ngozi iliyokufa. Osha sehemu hiyo, iache ikauke, kisha ipake maji safi kwa kidole na uitazame. Ikiwa inageuka nyeusi ilipo na maji na kurudi kijivu inapokauka, nyufa bado ni ndogo na plastiki ya chini yake ni nzima. Maji yamejaza nyufa, mwanga haukutawanyika tena. Kitu kingine chochote kitakachojaza nyufa hizo na kisikauke kama maji kitairejesha rangi. Lakini ikiwa hata yenye maji imebaki kijivu, au kidole chako kikisugua kinatoka na unga, ngozi imekufa kwa kina, na mafuta ya kupaka yatakula fedha zako bure.

Jaribio hili halina gharama. Tunalisisitiza kwa sababu tumeona watu wakinunua chupa moja baada ya nyingine kwa plastiki ambayo ilikuwa inahitaji msasa na rangi, na wengine wakipaka rangi plastiki ambayo ilikuwa inahitaji sabuni.

YAFAAYO NA YASIYOFAA

Chupa nyingi zinazouzwa kwa kung'arisha plastiki zina mafuta ya silikoni. Hizi hazidhuru plastiki, nazo hung'arisha kwa dakika tano. Lakini hazishiki. Mvua chache zikinyesha ukijivu hurudi, na katikati ya hapo mafuta yamekusanya vumbi la barabara. Tena mafundi wa rangi wanaichukia silikoni, kwani ikibaki kwenye bodi, rangi mpya hukataa kushika na hufanya vishimo kama macho ya samaki. Mwenye nia ya kupaka rangi baadaye asiiguse kabisa. Na kwa hali yoyote isipakwe kwenye usukani, pedali wala sakafu ya gari. Mguu unaoteleza kwenye breki hauna msamaha.

Mafuta ya kupikia hung'arisha siku mbili tatu, kisha hunata, hunuka na kuwa makazi ya vumbi. Tuyaache jikoni.

Mafuta ya kitani, yale yaliyochemshwa ya kupakia mbao, ni bora zaidi kwa mtu mwenye fedha kidogo, na hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ubora wake ni kwamba hayabaki kuwa mafuta. Yakikutana na hewa hukauka na kuwa utando mgumu ndani ya nyufa. Pakaza kidogo sana kwa kitambaa kwenye plastiki safi, kavu, kivulini. Ngoja robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu, maana yakiachwa mazito yatakauka yakiwa yananata. Acha gari siku nzima bila kunyeshewa.

Hapa lazima tusimame kidogo. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa au pembe ya stoo kinaweza kuwaka moto chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Sababu ni kwamba mafuta yanapokauka hutoa joto, na joto lililofungwa ndani ya mkunjo wa kitambaa halina pa kutokea. Warsha za seremala zimeteketea kwa njia hii katika nchi nyingi. Kitambaa kikishatumika kianikwe nje kikiwa kimetandazwa kimoja kimoja mpaka kikauke na kukakamaa, au kizamishwe kwenye kopo la maji. Wanaofanya kazi katika viwanda vya pamba na nguo wanajua moto wa mali ghafi unavyokimbia, hawahitaji maelezo zaidi.

Njia nyingine ni ya joto. Fundi hutumia mashine ya umeme ya kupuliza hewa moto, ile ya kubandulia rangi kuukuu, akaipitisha juu ya plastiki polepole bila kusimama mahali pamoja. Ngozi ya juu huyeyuka kidogo, nyufa hujifunga, na weusi hurudi mbele ya macho yako. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, na ndiyo maana vijana wengi wa gereji huikimbilia. Lakini polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, na mashine hiyo hutoa hewa inayoweza kupita nyuzi 500. Ukizubaa kidogo tu, bampa linapinda au linang'aa kama limelambwa, na hakuna wa kulirudisha. Tena njia hii haiongezi kitu chochote ndani ya plastiki. Dawa za kiwandani zimekwisha, jua litaendelea, na ukijivu utarudi. Isifanywe karibu na kioo, mpira wa mlango, wala sehemu yoyote ya ndani yenye mfuko wa hewa wa usalama. Na anayetumia tochi ya gesi badala ya mashine anacheza kamari na mali ya mwenzake.

Rangi ndiyo dawa ya plastiki iliyokufa kwa kina. Hapa watu hupata hasara kwa sababu hawakusoma nyuma ya bampa. Fungua au inama uangalie upande wa ndani, utaona herufi zilizochorwa na kalibu. PP ni polipropilini, mara nyingi ikiwa pamoja na EPDM, yaani imechanganywa na mpira ili isipasuke. ABS ni plastiki nyingine, ngumu zaidi, inayotumika sana kwa vifuniko vya vioo na nembo. Tofauti hii ni kubwa. Polipropilini haikubali rangi ya kawaida, ambayo hubanduka kama ganda la kitunguu mara inapooshwa, kwa sababu uso wake haushikiki. Lazima kwanza ipakwe dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki. ABS hukubali rangi kwa urahisi, lakini petroli na thina huila na kuipasua. Mtu anayefuta kifuniko cha kioo kwa thina ili kiwe safi, anakiharibu kabla hajaanza.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ufundi. Osha kwa sabuni mara mbili. Sugua kwa msasa laini wa namba 320 hadi 400 mpaka unga wa ngozi iliyokufa uishe, ukiwa unatumia maji ili vumbi lisiruke. Kausha, futa kwa spiriti, usishike tena kwa mkono. Funika bodi kwa magazeti na utepe wa karatasi. Paka ile dawa ya kushikisha, kisha rangi nyeusi isiyong'aa iliyotengenezwa kwa plastiki, mara mbili au tatu nyembamba. Mkono mmoja mnene huonekana mzuri jioni na kutiririka asubuhi. Rangi za kuchanganya na kikausha ni habari nyingine. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosianeti, zinazoweza kumletea mpulizaji pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Hizo waachiwe wenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

JUU YA PETROLI, DIZELI NA OILI CHAFU

Tunarudi kwa wenzetu wa sehemu ya kuoshea magari. Ni kweli kwamba kitambaa chenye dizeli hufanya plastiki iwe nyeusi. Sababu ni ile ile ya jaribio la maji, yaani kimiminiko kimejaza nyufa. Baada ya siku chache huyeyuka na kwenda zake, na kazi huanza upya. Gari halikupona. Aliyepata kitu cha kudumu ni mfanyakazi, na kitu hicho ni maradhi.

Petroli ina kemikali iitwayo benzini, ambayo imethibitishwa kuleta kansa ya damu kwa watu wanaoivuta kwa muda mrefu. Kufikia mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeondoa risasi katika petroli, na watu wengi wakadhani petroli imekuwa salama. Benzini imebaki. Petroli na dizeli huondoa mafuta ya asili ya ngozi, mikono ikapasuka na kuwasha. Oili chafu iliyotoka kwenye injini, ikikaa kwenye ngozi mwaka baada ya mwaka, ina vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana mpaka ukute jiko la mkaa la mama anayepika chai upande wa pili wa yadi.

Mkataba namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, ulihusu benzini peke yake. Unataka kutumia benzini, na vitu vyenye benzini zaidi ya asilimia 1, kama kiyeyushio au cha kuzimulia kukatazwe, isipokuwa ndani ya mitambo iliyofungwa au kwa njia nyingine zilizo salama sawasawa. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi hata senti. Unasema pia kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya kweli, asiadhibiwe. Mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Kwa hiyo msimamizi anaposema "futa kwa petroli, haraka", mjumbe wa tawi ana la kujibu. Ajibu kwa adabu na kwa hesabu: sabuni, brashi, glavu na kopo la mafuta ya kitani havigharimu kampuni zaidi ya petroli inayomwagika kila wiki, na kazi hudumu zaidi. Tunashauri jambo hili liombwe kwa maandishi.

Neno moja kwa walio mashambani. Tumeona sabuni na mafuta ya kung'arishia vikiwekwa katika makopo yaliyokuwa na dawa ya wadudu au ya magugu. Makopo hayo hayawi safi hata yakioshwa mara tatu. Yatobolewe na kurudishwa stoo. Wala petroli na mafuta ya taa visiwekwe kwenye chupa za soda. Mtoto hasomi harufu, anasoma chupa.

SIKU YA KUNUNUA AU KUUZA

Dalali mjanja hununua gari lililopauka kwa bei ya kilio, hulipaka silikoni mchana mmoja, kisha hukuuzia wewe kwa bei ya harusi. Chukua kitambaa chenye maji ya sabuni ukasugue sehemu ndogo ya bampa, kisha ungoje ikauke. Silikoni itakiri. Tazama pia kama bampa moja ni jeusi sana na jingine limepauka, au upande mmoja umepauka na mwingine la. Plastiki za gari moja zimezeeka pamoja, na iliyo tofauti imebadilishwa au imepakwa rangi, pengine baada ya ajali. Uliza ni ajali gani, kisha angalia chuma cha nyuma yake.

Kwa upande wa muuzaji, usikubali kukatwa fedha nyingi kwa sababu ya plastiki. Bampa la kijivu linaeleza tu kwamba gari lililala juani. Halisemi lolote juu ya injini, gia wala breki. Tangu sheria ya mwaka 2018 izuie kuingiza Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi, na Kenya ikiwa haipokei yaliyopita miaka 8, gari kuukuu lililo tayari ndani ya nchi lina thamani yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

Katika sehemu yenu ya kazi, magari huoshwa na kung'arishwa kwa nini, na nani aliagiza hivyo? Glavu zilitolewa mara ya mwisho lini, na je, kuna aliyekatwa mshahara kwa ajili yake? Vitambaa vilivyotumika hutupwa wapi? Chukueni kipande cha gunia lililooza juani na kipande cha bampa kutoka gereji iliyo karibu, mviweke mezani wakati wa majadiliano, na mmoja wenu awaeleze wengine jaribio la maji.